Mguu wa Riemke na Barafu ya Januari

Kwenye nyumba ile ya wafugaji, nje kidogo ya Burdaard, kipimajoto kilipigiliwa kwenye mlango wa zizi, na mtu wa kwanza kukitazama kila alfajiri ya majira ya baridi alikuwa Riemke. Alitoka na ndoo zake, akainama, akaguna. Kikiwa juu ya sifuri aliguna hivi, kikiwa chini ya sifuri aliguna vile, na mumewe Folkert Hoitinga, akiwa bado jikoni anafunga viatu, alijua kwa mguno huo tu kama siku hiyo ataishi na mke mchangamfu au na mke wa kuogopwa.

Riemke alizaliwa hapohapo Friesland, mwaka wa hamsini na tano, kando ya mfereji unaokwenda Dokkum. Mfereji huo ukiganda, na mifereji mingine yote ikaganda nao, barafu ikawa nene ya kubeba watu elfu kumi na zaidi kutoka mji wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo hufanyika Safari ya Miji Kumi na Moja. Ni kilomita mia mbili za kuteleza juu ya barafu kwa siku moja, mtu kavaa viatu vyenye bapa la chuma, upepo unamkata uso. Haifanyiki kila mwaka. Baada ya ile ya sitini na tatu ilipita miaka ishirini na miwili bila kufanyika. Watu wa kule huizungumzia kama mtu anavyozungumzia ndugu aliyesafiri bila kusema atarudi lini.

Baba yake, mzee Wiebren, aliingia ile ya sitini na tatu. Walimtoa barafuni kabla ya Dokkum, kope zimegandana, amebebwa kama gunia la viazi. Riemke alikuwa na miaka saba, amesimama ukingoni na chupa ya maziwa ya moto ambayo hakuna aliyeinywa. Siku ile aliona jinsi baba yake alivyolia bila machozi, kwa kuwa machozi hayakuwa na pa kutokea. Tangu hapo safari ile ikaingia ndani yake.

Themanini na tano safari iliporudi, Riemke alikuwa na mimba ya miezi minane ya binti yake Hiske. Themanini na sita jina lake halikutoka kwenye kura, maana waombaji ni wengi kuliko barafu. Basi akangoja, wala hakungoja amekaa. Yeye na jirani yake Ytsje, mwanamke mrefu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, waliendesha baiskeli kiangazi kizima wakipingana na upepo, na majira ya baridi waliteleza kwenye kila kidimbwi kilichothubutu kuganda. Miaka kumi ikapita hivyo. Katika vuli ya tisini na sita, kadi ya kuanzia safari ikaja kwa posta, ina jina lake, na Riemke akaibandika kwenye kabati la jikoni kwa kipande cha plasta.

Plasta ile ilitoka kwenye mfuko wa hospitali. Kwa maana wakati kadi inafika, Riemke alikuwa tayari ameshachomwa sindano nene ya kuchukua kipimo kwenye shavu la mguu wa kushoto, na alikuwa anangoja majibu.

Uvimbe aliuona mara ya kwanza mwezi wa tano, soksi ilipoanza kumbana. Haukuuma. Akasema ni msuli. Ukaja msimu wa kukata majani, ukaja msimu wa ndama, na kila jioni alipovua soksi akasema ni msuli. Ni Ytsje aliyeuona wakiwa wamekaa kando ya barabara wanakula mkate mweusi na jibini ya karafuu.

"Hicho nini?"

"Msuli. Wewe huna, ndiyo maana hujui."

Ytsje aliuweka mkono juu yake, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Msuli gani huo umekaa upande mmoja kama yai la bata? Kesho unakwenda kwa daktari. Usipokwenda namwambia Folkert, na nikimwambia Folkert atamwambia baba yako."

Akaenda. Kutoka kwa daktari wa Dokkum akapelekwa hospitali kubwa ya Groningen, mkoa wa jirani, na huko wakampa jina la kitu kile: saratani ya nyama laini, imekua katikati ya misuli, imekumbatia mishipa ya damu na ya fahamu kiasi kwamba kisu hakina pa kupita.

Daktari wa upasuaji aliitwa Bolhuis, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliwaketisha Riemke na Folkert, akavuta kiti karibu.

"Njia ya kawaida," alisema, "ni kuukata mguu hapa." Akaweka ubavu wa kiganja juu ya goti lake mwenyewe, si la Riemke.

Riemke alikitazama kiganja kile. "Na isiyo ya kawaida?"

"Iko. Sikiliza vizuri. Dawa za saratani ni sumu. Nikikudunga mkononi zizunguke mwili mzima, siwezi kukupa nyingi, mwili hautastahimili. Lakini uvimbe wako uko mguuni tu. Kwa hiyo tunautenga mguu. Ukiwa umelala kwa nusu kaputi tunafungua hapa kinenani, tunabana mshipa unaopeleka damu na ule unaoirudisha, tunaingiza mipira ya kupitishia damu, tunaiunganisha na mashine ya moyo na mapafu. Juu ya paja tunakaza mpira wa kubana, hata vijishipa vidogo vifunge. Kwa saa moja na nusu mguu wako unakuwa na moyo wake peke yake. Humo ndimo tunamwaga dawa, mara kumi na zaidi ya ile ambayo ungeweza kuibeba mwili mzima, na damu tunaipasha joto ili dawa ipenye. Kisha tunausuuza mguu, tunatoa mipira, tunashona."

Folkert hakuwa msemaji. Alikuwa ametazama sakafu muda wote, kofia mikononi. Sasa akainua kichwa. "Kama kufunga mtaro. Unashusha mlango wa maji huku, unashusha na kule, unapiga pampu, unasafisha, ndiyo unafungua."

"Ndivyo hasa."

"Na mlango ukivuja?"

"Swali zuri. Damu ya mguuni tunaitia chembe za mionzi, kidogo sana, na juu ya kifua chake tunaweka kifaa cha kusikiliza. Kikilia, tunajua dawa inapanda kwenda moyoni, tunasimamisha."

Folkert akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye sakafu yake. Riemke akauliza lake. "Nitaweza kuteleza?"

"Kwenye barafu?"

"Kwani kuna kuteleza kwingine?"

Daktari alitabasamu. "Bibi Hoitinga, mimi ni mtu wa Groningen. Na sisi huwa tunateleza."

"Sijawahi kuona," alisema Riemke.

Bolhuis alicheka mpaka akafuta macho, kisha akawa mzito tena. "Sikuahidi kitu. Katika watu kumi wanaokuja kwangu na mguu uliohukumiwa kukatwa, wanane huondoka nao. Baada ya dawa tunangoja wiki nane uvimbe ufe na kusinyaa, ndiyo nakufungua tena nitoe masalia. Tuupate mguu kwanza. Lakini baridi ya mwaka huu, hapana. Hiyo iache."

Njiani kurudi, gari likipita kati ya malisho ya kijani, walivuka mpaka wa mkoa. Ndipo Riemke akasema, "Nina kadi." Folkert akamjibu, "Najua," na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao.

Mzee Wiebren aliposikia, alikaa mezani akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Groningen," alisema mwisho. "Watu hawajui hata kuchinja nguruwe vizuri, leo wamshone mwanangu."

"Baba, ndio wanaojua kazi hii. Watu wanatoka mbali kuja kwao."

"Wanatoka mbali kwa sababu hawawajui." Akanyanyuka, akaenda zizini, akakaa huko na ng'ombe mpaka walipomwita kula.

Siku ya kazi ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba. Kabla hajalazwa usingizi Riemke aliiona mashine. Kando yake alisimama mwanamke mdogo wa kimo, nywele ndani ya kofia ya kitambaa, anapima mipira kwa vidole. Alimwambia Riemke kwamba yeye ndiye atakayeuangalia mguu wake muda wote, kwamba macho yake hayatatoka kwenye pampu. Riemke, aliyekamua ng'ombe kwa mashine maisha yake yote, akamwomba asiiendeshe kwa kasi mno. "Ng'ombe hawapendi," alisema, na ulimi ukawa mzito, na taa zikaondoka.

Alipozinduka alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, homa inamtetemesha, mipira imemzunguka. Mkono wake ukashuka wenyewe, polepole, ukipapasa shuka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Ukafika pajani. Ukashuka zaidi, ukakuta goti. Folkert alikuwa ameketi pale.

"Upo," alisema Folkert. "Wote upo. Kile kifaa cha kifuani hakikulia hata mara moja."

Mguu ulikuwepo, ila haukuwa wake. Ulivimba ukawa kama gogo, mwekundu kama bitiruti iliyochemshwa, wa moto kuushika, na baada ya siku chache ngozi ya unyayo ikatoka malengelenge na kucha zikaanza kulegea moja moja. Ulimwasha kwa ndani, mahali ambapo hakuna kidole kinachofika. Wauguzi waliuinua juu ya mito, wakaufunika kwa kitambaa laini, wakawa wanauzungumzia kama mgonjwa wa pili: "Leo anaendeleaje?" Naye akajifunza kujibu hivyohivyo: "Amelala vizuri, lakini ameamka na hasira."

Alirudi nyumbani Desemba na magongo mawili. Uvimbe ulikuwa umeanza kulainika. Alipobonyeza alihisi kitu kama jibini iliyokaa juani, si lile yai gumu. Lilikuwa jambo la kufurahia, naye alifurahi. Lakini wiki ya Krismasi upepo ukageuka. Ukaja kutoka mashariki, mkavu, mbingu ikawa safi kama kioo, na kwa siku mbili mfereji ukanyamaza.

Wasiokulia kando ya maji hawajui ukimya ule. Mawimbi madogo yanayogonga ukingo mwaka mzima, mtu hayasikii mpaka yatakapokoma. Riemke alikuwa amelala chali, mguu juu ya mito, akausikia mfereji ukinyamaza.

Siku ya tatu ukaanza kuimba. Barafu ikinenepa hutoa sauti, mvumo mrefu unaokimbia chini yake kutoka kijiji hadi kijiji. Halafu zikaja sauti za chuma: watoto wa shule, kisha wanaume, kisha Ytsje, ambaye aliteleza kila alasiri mpaka Dokkum na kurudi na hakupita dirishani bila kuinua mkono. Riemke aliinua wake. Ytsje alipokwisha kupita, aliushusha juu ya blanketi na kuutazama kama kitu cha mtu mwingine.

Alitamani kwa mwili. Misuli ya mapaja yake ilijikaza yenyewe kwa mdundo, kulia, kushoto, kulia. Alihisi ubaridi unaoingia kwenye meno mtu anapopumua kwa mdomo. Alitamani hata yale maumivu ya kiuno ya kilomita ya hamsini, ambayo alikuwa akiyalaani. Folkert alimletea supu ya njegere, akakaa naye, akataka kufunga pazia.

"Liache," alisema Riemke.

Tarehe mbili Januari, saa ya chakula cha jioni, wakatangaza kwenye televisheni: Safari ya Miji Kumi na Moja itafanyika keshokutwa, Jumamosi. Kijiji chote kilitoka nje. Kengele ya kanisa ililia bila mtu kufa. Folkert alikuwa amesimama na kijiko mkononi, hajui amtazame mkewe au asimtazame, na alipogeuka mkewe hakuwepo mezani.

Mzee Wiebren ndiye aliyemkuta, kwenye stoo nyuma ya zizi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Magongo yapo sakafuni. Kiatu cha kulia cha barafu kimeshafungwa barabara. Cha kushoto kimefunguliwa kamba zote, ulimi umevutwa nje hadi mwisho, na Riemke anausukuma ndani mguu ule mwekundu huku ameuma mdomo.

Mzee alifunga mlango nyuma yake. "Hauingii," alisema.

"Utaingia."

"Mwanangu, mguu huo wameupika wiki saba zilizopita. Unataka uupasue kama soseji?"

"Nitaanza tu, baba. Mpaka mji wa kwanza. Nikichoka natoka."

"Hakuna Mfrisia aliyewahi kutoka kwa kuchoka. Wanatolewa. Muulize aliyetolewa."

Riemke aliacha kusukuma. Alikaa na kiatu kile kimemning'inia kwenye vidole. "Wanasema hali ya hewa inabadilika," alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema huenda hii ndiyo ya mwisho."

Mzee alipiga magoti kwa shida, magoti ya miaka sabini na miwili, akakichomoa kiatu kile taratibu, kisha akaanza kukifungua na cha kulia. Fundo likamshinda. Riemke akainama, wakalifungua wote wawili.

Kesho yake mchana mzee aliingia jikoni, akachukua kiti kimoja cha mbao bila kumwuliza mtu, akakitoa nje. Kule watoto hujifunza kuteleza kwa kusukuma kiti. Alikiweka juu ya mtaro ulioganda nyuma ya zizi, akamketisha Riemke juu yake amefungwa blanketi tatu, mguu umenyooshwa juu ya ubao, akavaa viatu vyake vya zamani vya mbao na chuma na kushika mgongo wa kiti.

"Baba, utaanguka."

"Nikianguka nakuangukia wewe, uko laini."

Akasukuma. Mwanzo kiti kilikwaruza, kisha kikashika njia, na ukingo ukaanza kukimbia, matete na nguzo za uzio na kondoo waliosimama kushangaa. Walikwenda mpaka mwisho wa malisho na kurudi, mara mbili. Mzee alikuwa anahema kama mvukuto lakini hakusimama. Riemke alikuwa amefumba macho. Hewa ilikuwa ileile aliyoitamani, na sauti ya chuma ilikuwa nyuma yake kabisa, na kwa kitambo hakuweza kusema ni miguu ya nani inayoteleza. Walipofika mwisho wa mtaro alifumbua macho akakuta uso umelowa. Mzee aliona, akamfuta kwa glavu yake iliyonuka ng'ombe.

Jumamosi walitoka wote ukingoni. Folkert aliegesha trekta taa zikielekea barafu, wakaweka meza, sufuria ya supu, mikate. Walioshindana kwa kasi walipita mapema. Baada yao wakaja watu wa kawaida, maelfu, kichwa chini, upepo wa kaskazini mashariki umewakaa usoni. Riemke aliketi kwenye kile kiti cha jikoni akimimina supu vikombeni, huku akimwambia kila aliyepita kwamba amebakiza kidogo.

Ytsje alifika kama saa kumi na moja, giza limeshashuka. Aliteleza mpaka ukingoni na kujitupa juu ya meza, nyusi zimeota barafu.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Mimi. Kunywa."

"Jicho la kushoto halioni."

"La kulia?"

"Kidogo."

"Linatosha. Mfereji umenyooka, hata kipofu anafika."

Ytsje alikunywa, mikono ikimwaga nusu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto, "Siwezi, Riemke. Nimekwisha."

Riemke alimtazama, rafiki yake wa miaka yote ile, miguu yake miwili mirefu inatetemeka ndani ya suruali nyembamba. Alimfunga skafu yake mwenyewe usoni, akaibana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Unaweza. Ukisimama hapa dakika moja zaidi misuli inaganda. Ondoka. Ondoka mbele ya macho yangu."

Ytsje akaondoka. Alifika Dokkum, akapita tena kurudi akiwa anapunga mkono upande usio na mtu, na kabla ya saa ya mwisho iliyoruhusiwa akawa amemaliza.

Asubuhi yake alikuja kwa miguu, akitembea kama mtu aliyepigwa. Riemke alimsikia mlangoni, akamwambia Folkert aseme amelala. Alilala kweli, macho wazi, akiisikiliza sauti ya Ytsje jikoni ikisimulia taratibu, na hakuipenda nafsi yake, lakini hakuweza kuinuka.

Jumanne, tarehe saba, Bolhuis alimfungua tena. Safari hii kisu kilipata pa kupita. Uvimbe ulikuwa umesinyaa na karibu wote ulikuwa maiti. Mishipa ya damu iliachiliwa salama. Mmoja tu wa mishipa ya fahamu, ule unaoinua unyayo, ulikuwa umeshikwa mno na ikabidi uondoke na masalia.

"Mguu ni wako," alisema daktari akiwa ameketi pembeni mwa kitanda. "Lakini unyayo utaning'inia. Utavaa kifaa ndani ya kiatu cha kuushikilia. Nasikitika kwa hilo."

"Wengine wameondoka hapa bila unyayo wenyewe," alisema Riemke. Alisema hivyo kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa mtu yule mnene alionekana amechoka. Usiku wa siku hiyo hakuulilia unyayo. Aliulilia upepo wa mashariki, ambao kwa mujibu wa wauguzi ulikuwa umekoma.

Siku ya kumi Ytsje alikuja hospitali na keki. Waliikata, wakala. Mwisho Riemke akasema, "Siku ile nilikuwa macho."

"Najua. Folkert akisema uongo masikio yanamwiva."

"Nilikuonea wivu mpaka nikataka uanguke."

Ytsje alijilamba sukari kidoleni. "Ningekuwa mimi nimelazwa, ningekutegea kamba," alisema, na Riemke akacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule, mpaka mshono ukamchoma.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mvua. Riemke alijifunza kutembea na kile kifaa cha plastiki, akarudi kukamua ng'ombe, akavaa soksi ya kubana kila alfajiri, kwa maana mguu ule haukuacha kuvimba. Kila baada ya miezi kadhaa alikwenda Groningen kupigwa picha ya mapafu, na kila mara Bolhuis alimwambia ni safi, kisha wakabishana kidogo ni mkoa upi wenye barafu bora. Mwaka wa kumi alimwambia asije tena. Riemke alisimama kwenye maegesho ya magari na ile ruhusa yake, hajui aifanyie nini.

Mzee Wiebren alikuwa ameshafariki, Novemba ya elfu mbili na nne, dirisha limefunguliwa kidogo kama alivyotaka, na nje kuna joto lisilo la msimu wake. Hiske aliolewa Utrecht. Bado kila majira ya baridi Riemke alijifunza upya kuteleza, kwenye kiwanja kidogo cha kijiji kilichomwagiwa maji, kiatu cha kushoto kimeshonwa upya kwa fundi ili kile kifaa kiingie. Aliteleza kwa mguu mmoja na nusu, alivyosema mwenyewe. Aliweza mizunguko ishirini, baadaye arobaini. Lakini mzunguko hauendi popote. Alichotamani ni barafu inayokwenda, inayopita nyuma ya nyumba yako ikakufikisha mji usiouona.

Februari ya mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili ikaja. Baridi ikashuka ghafla, mfereji ukanyamaza, ukaimba. Nchi nzima ikashika pumzi. Watu walipima unene kila asubuhi, na Riemke, miaka hamsini na sita, alikuwa na kadi tena. Hakumwambia mtu anafikiri nini. Folkert aliona tu kwamba amepaka mafuta ngozi ya viatu.

Siku ya nane ya mwezi wakatangaza: kusini barafu ni nyembamba, safari haitakuwepo. Folkert alizima televisheni. Alingoja. Riemke aliendelea kufuma soksi mpaka mwisho wa mstari, akaweka sindano chini.

"Huku kwetu si nyembamba," alisema.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alishuka mferejini mwenyewe. Folkert alimtazama kutoka mlango wa zizi mpaka akawa doa, linayumba kidogo upande wa kushoto kila hatua ya pili. Upepo ulimsukuma mgongoni. Alipita nyumba alizozijua kwa nyuma tu, paa za matete, nguo zilizoganda kwenye kamba, na watu walimpita kwa makundi na kumsalimu. Alitaka kufika Dokkum. Baada ya kilomita tano paja lilianza kutetemeka, ya sita unyayo ukafa ganzi ndani ya kifaa, na ya saba akaanguka mara mbili, na mara ya pili mwanamume mmoja kijana ilibidi amwinue. Akajikokota mpaka ukingoni, akaketi kwenye nyasi ngumu, akampigia Folkert simu.

Gari lilipofika alikuwa bado ameketi, ametazama upande wa Dokkum. Mnara wa kanisa wa kule ulionekana, mdogo, juu ya mstari wa barafu. Folkert alishuka, akamvua viatu, akamsugua mguu ule uliovimba kwa mikono yake miwili, kama alivyofanya miaka kumi na mitano.

"Twende?" aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Kundi la vijana likapita, wameinama, mikono mgongoni, chuma kinakata kwa mdundo mmoja. Riemke aliwafuata kwa macho mpaka kwenye kona ya matete, na baada ya kona aliwafuata kwa masikio. Folkert alisimama kando yake na viatu mkononi. Jua lilikuwa linainama na ng'ombe walikuwa wanangoja kukamuliwa, lakini hakumharakisha.